Maswali Kumi kwa Mraibu: Ni Majivuno au Ni Soni?

MAKALA MAALUMU

Swali la tatu ndilo lililomkwamisha. La kwanza na la pili alikuwa ameyajibu haraka, kalamu ikiteleza kwenye karatasi iliyokwisha kudondokewa na chai. Alipofika hapo aliweka kalamu chini. Swali lilimtaka aseme, kwa alama moja hadi tano, ni kweli kiasi gani kwamba anapoingia chumbani mara nyingi huhisi macho ya watu yamemgeukia yeye.

"Siku gani?" akauliza.

Tulikuwa katika hoteli ya mabati nyuma ya steji ya Ruiru, Jumamosi asubuhi, makanga wakigombania abiria wa Thika. Aliyeketi mbele yangu ni mtoto wa mama yangu mdogo, fundi wa magari, mwenye miezi kumi na moja bila pombe. Nilimwambia ajibu kwa kawaida tu, siku yoyote. Akatikisa kichwa. Siku aliyotoka rihabu, alisema, aliingia sebuleni kwa mama yake kule Makongeni, Thika, akakuta watu kumi na wawili wanamngoja. Hakuna aliyemtazama usoni. Walimtazama mikono, waone kama inatetemeka. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa na kufuli mpya, karatasi ya bei ya dukani ikiwa bado imebandikwa.

"Kama wananiangalia kweli, hapo naandika ngapi?"

Karatasi yenyewe ina maswali kumi, basi. Ilitungwa mwaka 1997 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Holly Hendin na Jonathan Cheek, ili kupima kile kinachoitwa unarsisi wa kificho, yaani majivuno yasiyopiga kelele. Kila sentensi hupewa alama moja hadi tano, kwa hiyo jumla ya chini kabisa ni 10 na ya juu kabisa ni 50. Tafsiri ya Kiswahili niliifanya mwenyewe usiku uliotangulia, nikiwa na kamusi mbili mezani.

Kazi niliyopewa na mhariri ilikuwa na maswali mawili. Inawezekana kupima unarsisi wa kificho kwa watu wenye uraibu katika vituo vya Thika na Ruiru? Na ukishapimwa, nani anafaidika? Nilikuja na maelezo ya wataalamu kwenye daftari. Swali la fundi huyu lilinilazimu kuyasoma upya.

Tukakubaliana aijaze karatasi mara mbili. Mara ya kwanza akumbuke wiki yake ya pili ndani ya rihabu, mara ya pili aandike kuhusu mwezi huu.

Jina lililokuja na simu

Mama yake mimi humwita Tata, kama tunavyowaita shangazi na mama wadogo kwetu. Mwaka jana alinipigia simu usiku, akaniuliza kama nimewahi kusikia neno narsisi. Alikuwa ameona video kwenye simu. Mwanamke aliyezungumza alitaja dalili saba, naye Tata alizihesabu kwa vidole, miongoni mwazo: mtu anayejionea huruma, asiyekubali kosa, akikosolewa ananuna siku tatu, anayeamini dunia inamdai. Zote saba alizikuta kwa mwanawe.

Alilia kidogo. Lakini sautini nilisikia pia afueni. Kwa miaka kumi mtaa ulimwita mama wa mlevi. Sasa alikuwa amepata neno lisilomlaumu yeye wala malezi yake.

Neno hilo limetoka mbali. Wagiriki wa kale walisimulia habari za kijana Narcissus aliyeiona sura yake majini akashindwa kuondoka. Sigmund Freud aliliandikia insha mwaka 1914. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaliingiza katika mwongozo wake wa magonjwa, na hadi leo mwongozo huo unataja dalili tisa, ambazo mtu akiwa na angalau tano huweza kuhesabiwa kuwa na tatizo la unarsisi.

Ukizisoma dalili hizo utamwona mtu unayemjua. Ni yule anayeingia baa ya Kamakis akanunulia meza nzima kwa pesa za shamba la baba yake, anayetaka kuitwa mheshimiwa na asiyeweza kungoja foleni. Huyo hahitaji kupimwa, kijiji kizima kinajua anajiskia.

Mwaka 1991 mtafiti Paul Wink alionyesha kwamba unarsisi una sura mbili. Ya pili imejikunja. Mwenyewe huonekana mpole, mwenye haya, mwepesi wa kuumia, lakini ndani anaamini kuwa yeye ni wa pekee na kwamba wenzake wamekataa kuliona hilo. Hendin na Cheek walipolinganisha kipimo chao na kile kinachopima majivuno ya wazi, waligundua kuwa alama za viwili hivyo karibu hazihusiani. Mtu anaweza kushika nafasi ya juu katika kimoja na kuwa mkiani katika kingine.

Katika rihabu, mtu wa aina hii huketi kona ya mwisho. Wenzake wakishea, ananyamaza. Mshauri akimwambia jambo, anaitikia. Usiku hajalala: kiongozi wa maombi amechaguliwa mwingine, na jeraha hilo atalibeba wiki nzima bila kumwambia mtu.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa sababu video za simu hazilisemi. Unarsisi wa kificho si ugonjwa ulioorodheshwa popote. Mwongozo wa Marekani hauutaji kama ugonjwa wake wenyewe. Ule wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, umeziacha hata zile aina za zamani za matatizo ya nafsi, unarsisi ukiwa mmojawapo, na badala yake unauliza tatizo ni zito kiasi gani. Kwa hiyo alama ya karatasi hii, hata ikiwa 50, haimpi daktari yeyote jina la ugonjwa wa kuandika.

Kando ya barabara kuu

Barabara ikiwa wazi, kutoka Githurai hadi Thika si mwendo wa saa moja. Tangu barabara kuu ilipokamilika mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yamekatwa ploti, ploti zimekuwa maghorofa, na chini ya kila ghorofa la tatu pana baa. Thika ina viwanda vyake na mananasi yake. Ruiru ina vibarua wa viwanda vya chuma na vijana wa vyuo waliopanga vyumba. Pesa hapa huja kwa vipande vidogo kila jioni, au kwa mkupuo mmoja ardhi ya familia inapouzwa. Njia zote mbili nimeziona zikiishia kaunta.

Rihabu nazo zimefuata njia hiyo hiyo. Nyingi ni nyumba za kukodi zenye ukuta mrefu na lango jeusi, ndani vitanda vya deki, ubao mweupe, na bango la hatua kumi na mbili ukutani. Programu ya kawaida ni miezi mitatu. Ada hulipwa na familia, mara nyingi kwa mchango, chama au ng'ombe aliyeuzwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya 4,733,152 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wanatumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Hiyo ni asilimia 17.1, mtu mmoja kati ya sita. Pombe peke yake ilikuwa na asilimia 11.8. Wengi hudhani eneo la Kati ndilo linaloongoza kwa pombe. Lililoongoza ni Magharibi, kwa asilimia 23.8.

Kati hata hivyo imezika wengi. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo, na wengine wakapofuka. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako dhidi ya pombe za bei ya chini, na wabunge wakaonekana wakimwaga chupa mitaroni. Mwaka 2018 Kiambu, chini ya Gavana Ferdinand Waititu, ikaja na mradi wa Kaa Sober ulioahidi vijana waliokubali kuacha pombe Sh400 kwa siku kwa kazi za usafi. Waititu aliondolewa madarakani Januari 2020. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga: watu wasiopungua 17 walikufa kwa kinywaji kimoja, na serikali ikatangaza masharti mapya ya baa.

Katika miaka yote hiyo tumepima nguvu ya pombe, tukahesabu chupa, leseni na maiti. Anayeinua glasi hatujamuuliza mengi. Ndiyo maana siwezi kuwabeza wanaotaka kumpima. Angalau wao wanamtazama mtu.

> *Tumehesabu chupa, leseni na maiti. Anayeinua glasi hatujamuuliza mengi.*

Wanaokitaka kipimo

Hoja yao ina mizizi. Kundi la Walevi Wasiojulikana, lililoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, lilijengwa juu ya imani kwamba mlevi amefungwa na nafsi yake kabla ya kufungwa na chupa. Hatua kumi na mbili zinazoning'inia kwenye kuta za rihabu zetu zimetoka huko, na nusu yake humtaka mtu ashuke: akiri kuwa ameshindwa, ataje makosa, aombe msamaha. Harry Tiebout, daktari wa akili aliyekuwa karibu na waanzilishi, aliandika sana juu ya kusalimu amri kwa nafsi hiyo.

Baadaye daktari wa akili Heinz Kohut, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Chicago, akaeleza kwamba mraibu hutumia dawa kuziba tundu lililobaki ndani yake tangu utotoni, pale alipokosa mtu wa kumtuliza na kumwona. Daktari mwingine wa akili, Edward Khantzian, akaongeza mwaka 1985 kuwa watu hawachagui dawa kwa kubahatisha, bali hutafuta ile inayonyamazisha uchungu wao.

Takwimu zipo pia. Uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliohoji watu wazima 34,653 na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta asilimia 6.2 wamewahi kuwa na tatizo la unarsisi maishani, na matatizo ya pombe na dawa za kulevya yalikuwa mengi zaidi kwao. Huo ulikuwa unarsisi ule wenye dalili tisa, si wa kificho. Lakini mlango ulifunguka.

Kwa mshauri wa Ruiru mwenye watu thelathini na saa nane za kazi, hoja ni ya kila siku. Vituo vingi hutegemea kikundi. Mtu anasimama, anasema yake, wenzake wanamkosoa. Kwa wengine hiyo ni tiba. Kwa mwenye majivuno yaliyojificha ni kuvuliwa nguo hadharani. Ataitikia yote, atapiga magoti, atamaliza programu, na siku ya tatu nje, shemeji akimtania mezani, anarudi kwenye keg. Mshauri akijua mapema, anaweza kumchukua peke yake chini ya mwembe na kwenda naye polepole.

Naikubali hoja hii. Nimemwona mtu wa namna hiyo. Alimaliza rihabu mara tatu na kila mara alikuwa mwanafunzi bora.

Sentensi zilizozaliwa mbali

Ugumu unaanza unapoichukua karatasi yenyewe na kuiweka juu ya meza ya hapa.

Sentensi zake kumi zilichujwa kutoka orodha ya mwanasaikolojia Henry Murray, aliyoitunga Harvard na kuichapisha mwaka 1938. Hendin na Cheek walizijaribu kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Hawakuwa watu waliofungiwa ndani kwa lango jeusi, wala mama zao hawakuwa wamenunua kufuli.

Linganisha na karatasi nyingine ya maswali kumi inayotumika katika vituo hivi hivi, ile ya Shirika la Afya Duniani inayouliza unakunywa mara ngapi na umewahi kushindwa kujizuia. Iliandaliwa katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwe na Marekani. Ilipochapishwa mwaka 1993 ilikuwa imeshapita mikononi mwa wagonjwa wa zahanati zetu. Ukipata alama 8 kati ya 40, ambayo ni kiwango cha tahadhari, unajua kiwango hicho kilipimwa na hapa pia.

Kipimo cha unarsisi wa kificho hakijaja na asili hiyo. Na sentensi zake zinagusa mahali ambapo lugha ni nyepesi kuteleza.

Chukua hiyo ya macho ya watu. Kwa Kikuyu kuna neno thoni, na Kiswahili kina soni, maneno yanayofanana kama watoto wa tumbo moja. Thoni ni aibu, lakini pia ni adabu. Mtoto wa Gatundu hufundishwa kuwa na thoni mbele ya wakwe na wazee, na asiyekuwa nayo huonekana hana malezi. Kijana aliyelelewa vizuri ataingia chumbani akiinamisha kichwa na atajiandikia tano. Karatasi itasema ana majivuno yaliyojificha. Shosho yake angesema ana heshima.

Sentensi nyingine inamtaka akiri kama hulka yake ni tofauti na ya watu wengi. Lakini hilo ndilo somo la kwanza la rihabu! Kila asubuhi anaambiwa yeye si kama wengine, kwamba wengine wanaweza kunywa mbili wakalala na yeye hawezi. Mwanafunzi mwema wa programu atajipa tano. Nyingine inauliza kama amezama katika kuwaza afya yake na mambo yake binafsi. Mtu ana wiki mbili tangu mwili uanze kudai pombe, hajalala, ini linauma, mke ameondoka na watoto. Angewaza nini? Nyingine inauliza kama ana matatizo yake ya kutosha hata asiweze kubeba ya wenzake. Muulize swali hilo mtu yeyote wa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, Thika, mwisho wa mwezi.

> *Karatasi itasema ana majivuno yaliyojificha. Shosho yake angesema ana heshima.*

Nimezihesabu. Angalau nne kati ya kumi zinaweza kupanda kwa sababu zisizohusu unarsisi hata kidogo. Ndipo watafiti wanapokimbilia ile tarakimu inayoonyesha kama maswali ya kipimo yanakwenda pamoja. Tarakimu hiyo inaweza kuwa nzuri kabisa na bado kipimo kikawa kinapima kitu kingine. Maswali yote kumi yanaweza kwenda pamoja kwa kuwa yote yanagusa aibu.

Kuna njia ya kulirekebisha hili, na haina siri. Mtu mmoja anatafsiri, mwingine ambaye hajaona karatasi ya mwanzo anairudisha kwa Kiingereza, wa tatu analinganisha. Kisha wanaketi na waraibu wenyewe, sentensi kwa sentensi, na kuwauliza wameelewa nini. Katika vituo hivi mtu huanza sentensi kwa Kikuyu, akapita Sheng na kumalizia kwa Kiswahili, kwa hiyo kazi hiyo haiishi kwa asubuhi moja. Mwanafunzi wa shahada aliyebakiwa na wiki sita hawezi kuifanya peke yake.

Watu wa Ruiru wanaijua kazi ya namna hii kwa zao jingine. Ugonjwa wa chulebuni ulipokuwa ukiangamiza mibuni ya Kenya, watafiti wa kituo cha kahawa hapa hapa walizalisha mbegu iliyostahimili ugonjwa huo na kuitoa kwa wakulima mwaka 1985. Ikaitwa Ruiru 11. Ilichukua miaka ya kuchanganya aina za mbali na za hapa, kupanda, kungoja matunda, kung'oa na kuanza upya. Nadhani akili ya kijana wa Kihunguro inastahili subira ile ile.

Wiki ya pili

Alipomaliza kujaza mara ya kwanza, akikumbuka wiki yake ya pili ndani, nilijumlisha. Alipata 41 kati ya 50.

Wiki hiyo anaikumbuka vizuri. Alichukuliwa saa kumi na moja alfajiri na wanaume wanne waliokuja na gari, wakamtoa kitandani akiwa na kaptula. Mama yake ndiye aliyewalipa. Kwa siku tatu hakuzungumza na mtu. Alipokalishwa kwenye kikundi alihisi kila mmoja amekuja kumcheka, na mshauri alipomsifu mwenzake aliyelia, yeye alitamani kumrushia kiti. Usiku alijiambia kuwa hapa ndani hakuna anayestahili kuisikia hadithi yake.

Ukimsoma wiki hiyo, ni narsisi wa kificho mtupu. Pengine alikuwa na unarsisi huo, sikatai. Lakini alikuwa pia mtu aliyetekwa nyara kwa nia njema, mwenye mwili unaotetemeka, anayepewa vidonge vya kumtuliza, na amewekwa katika kikundi asichokichagua. Karatasi inauliza kama hapendi kuwa na kundi la watu pasipo hata mmoja wa kumthamini. Ni nani angependa?

Kipimo hiki hufuatana kwa karibu na wasiwasi na kujidharau. Watafiti waliokianzisha walilijua hilo tangu mwanzo. Kwa mraibu aliyeacha juzi, wasiwasi ni sehemu ya kuacha. Ndiyo maana nasema, bila kuyumba, kwamba kipimo kilichochukuliwa wiki mbili za kwanza kisitumike kusema lolote juu ya hulka ya mtu. Apimwe huzuni na wasiwasi kando yake. Apimwe tena mwili ukitulia, kisha kabla ya kutoka, kisha nyumbani. Kilichobaki juu katika vipimo vyote hivyo huenda ndicho majivuno. Kilichoshuka kilikuwa jeraha.

Na kama kuna faida kubwa katika jambo hili zima, naiona hapo. Majivuno na jeraha vinahitaji mikono tofauti. Mwenye majivuno lazima siku moja aambiwe kuwa dunia haimdai. Ukimwambia maneno hayo mtu ambaye kidonda chake ni cha soni tu, unamrudisha kwenye chupa kwa mkono wako.

Faili lina funguo ngapi?

Wanaoogopa kipimo huogopa zaidi kitakachofuata, na hapa nawaelewa kabisa.

Rihabu ya kulipiwa ina bwana wake, naye ni mlipaji. Mama anayelipa huuliza mwanawe ana nini. Mke anayelipa huuliza pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia. Atakayeingia kituoni kufanya utafiti anahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ridhaa ya anayehojiwa. Lakini ridhaa ya mtu asiyeweza kutoka langoni ina uzito gani? Na mshauri atamficha vipi mama aliyeuza ng'ombe?

Alama ikitoka nje ya faili haibaki alama. Itatajwa mezani kila akikasirika. Itatajwa mbele ya wazee siku ya kugawa shamba, kwamba huyu hata daktari alisema anajipenda mwenyewe. Itatajwa mahakamani watoto wanapogombaniwa. Mraibu aliyeacha pombe anaweza kuonyesha miezi yake, akahesabiwa. Aliyeambiwa kuwa nafsi yake ndiyo mbovu ataonyesha nini?

Kipimo hiki hakikuwekewa mpaka wa kumtambua mgonjwa. Kinafaa kulinganisha makundi: je, wanaume mia mbili wa vituo vya Thika na Ruiru wana alama za juu kuliko majirani zao wasiokunywa? Wakiwa nazo, je, zinashuka wanapopona? Hayo ni maswali halali na ningependa kuona majibu yake. Wanawake pia waulizwe, ambao wako wachache vituoni kwa kuwa aibu ya mama mlevi humficha ndani ya nyumba. Ila mtu mmoja asiitwe ofisini akaambiwa wewe ni 41.

Tata nilimweleza haya jioni moja Makongeni, akichambua maharagwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama, kwa maoni yangu, mwanawe anajipenda kuliko anavyompenda yeye. Nilimwambia kipimo hakiwezi kujibu hilo. Akaendelea na maharagwe. Kufuli mlangoni bado ipo, ingawa siku hizi haifungwi.

Karatasi ya pili

Mara ya pili fundi alijibu polepole zaidi, kuhusu mwezi huu. Ya macho ya watu alijipa mbili, kwa sababu gereji hakuna anayemtazama isipokuwa mwenye gari. Ya kuumizwa na maneno ya dharau alijipa nne, na akasema hiyo itamchukua muda. Nilipojumlisha hadi swali la tisa alikuwa na 23.

Swali la kumi linauliza kama huwa anakereka moyoni, bila kuonyesha, watu wanapomletea matatizo yao.

Simu yake ililia kabla hajaandika. Nilisikia sauti ya kijana upande wa pili, maneno yakikimbizana. Alikuwa ametoka rihabu wiki tatu zilizopita na alikuwa amesimama nje ya baa, Githurai. Fundi alimwambia asiingie, asikate simu, ahesabu matatu za Namba 45 zinazopita hadi yeye afike.

Aliniangalia, akaangalia karatasi. Akasema ukweli ni kwamba anakereka sana. Ilikuwa Jumamosi yake pekee ya mapumziko. Akaandika nne, akalipia chai yake na yangu, akatoka kutafuta bodaboda.